Umebadilisha nywila ya waifai. Mlango wa ruta je?

Shemeji yangu anauza vifaa vya ujenzi na amefunga kamera nne dukani. Juzi alinipigia akiwa na wasiwasi. "Shem, nasikia kamera za watu zinaingiliwa huko mtandaoni. Mimi paswedi ya waifai nimeshaibadilisha, si niko salama?" Nikamuuliza paswedi ya kamera zenyewe ni ipi. Kimya. Halafu: "Kwani na kamera nazo zina paswedi?"

Zina. Na ruta inayoziunganisha ina yake, tena zaidi ya moja. Kazi yangu ni kuandaa programu za vifaa vidogo, na swali la shemeji nalisikia hata kwa mafundi wanaofunga kamera kwa ujira. Siwalaumu. Neno "nywila" limebebeshwa mambo matano kwa mpigo, na wanaotengeneza vifaa hawajihangaishi kuyatenganisha.

Ruta, kamera ya ulinzi, king'amuzi: ndani ya kila kimoja kuna kompyuta kamili, na mara nyingi inaendeshwa na Linux, mfumo uleule unaoendesha seva kubwa za dunia. Tofauti ni ukubwa. Mradi wa OpenWrt, unaotoa mfumo huru wa ruta, unataka kifaa kiwe na angalau megabaiti 8 za hifadhi na 64 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Megabaiti 8 ni picha mbili tatu za simu. Mfumo mzima unabanana humo, pamoja na yule anayekuuliza wewe ni nani.

Sasa milango. Wa kwanza ni waifai. Wa pili ni ukurasa wa mipangilio, ule unaoufungua kwa kuandika 192.168.1.1 au namba inayofanana nayo kwenye kivinjari. Wa tatu ni akaunti ya programu ya simu unayotazamia kamera ukiwa mbali. Wa nne ni mlango wa mafundi, Telnet au SSH, unaokuingiza kwenye mfumo wenyewe ukaandika amri. Wa tano hauonekani mpaka ufungue kasha: pini tatu au nne kwenye bodi, ambazo ukiziunganisha kwa waya na kompyuta yako unaongea na kifaa bila mtandao wowote.

Shemeji alibadilisha kufuli la mlango wa kwanza tu. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu majirani hawatamla bando. Lakini mdukuzi aliye bara jingine hapiti kwenye waifai yako. Anakuja kwa njia ya intaneti yenyewe, na anachobisha ni mlango wa pili au wa nne. Huo wa nne na wa tano ndio watu wasioujua, kwa hiyo nitakaa nao zaidi.

Kifaa hakiijui nywila yako

Fungua mipangilio ya ruta, bonyeza alama ya jicho, nywila ya waifai itaonekana herufi kwa herufi. Mbona nywila ya mfumo haionekani hivyo? Wengi hudhani imefichwa kwa undani zaidi. Ukweli ni kwamba haimo kabisa.

Kwenye waifai ya kawaida ya nyumbani, ruta na simu lazima zote zilijue neno lilelile, kwa hiyo ruta inalitunza. Mlango wa mfumo hauhitaji kulijua neno. Unahitaji tu kukagua kama umelitaja sawasawa. Fikiria mashine ya kusaga. Mahindi yanaingia, unga unatoka, na hakuna mashine ya kuurudisha unga ukawa punje. Kifaa kinatunza unga. Kesho ukija na neno, kinalisaga upya na kulinganisha unga kwa unga. Mafundi huuita huo unga heshi.

Kuna chumvi pia. Watu wawili wakichagua "simba123", unga wao ungefanana, na aliyempata mmoja angekuwa amewapata wote. Ndiyo maana kabla ya kusaga kila neno hutiwa herufi chache za kubahatisha, tofauti kwa kila mtu. Jina la chumvi si utani wangu. Robert Morris na Ken Thompson, watu wa Unix, mfumo wa kompyuta uliotangulia Linux, waliliita hivyohivyo kwa lugha yao walipoieleza mbinu hiyo mwaka 1979. Na chumvi yenyewe si siri, maana huandikwa palepale kando ya unga. Kazi yake ni kuzuia mtu asisage kamusi nzima mara moja akautumia unga huo kwa kila nyumba.

Mzee mmoja, majina mengi

Kwenye kompyuta kubwa kila kazi ina programu yake. Kwenye megabaiti 8 huwezi kuwa na anasa hiyo, na hapo ndipo BusyBox inapoingia. Bruce Perens aliianzisha katikati ya miaka ya 1990 ili flopi moja iweze kubeba kisakinishi cha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Ni programu moja inayoitika majina mengi. Mnamfahamu yule mzee wa mtaa: msikitini ni imamu, kwenye cherehani ni fundi, nyumbani ni baba Zuhura. Mtu ni yuleyule, ila ukimwita unavyomwita ndipo anajua afanye nini. BusyBox ni vivyo hivyo. Ukiiita `ls` inakuorodheshea mafaili, ukiiita `passwd` inabadilisha nywila.

Kabla ya kuijenga, mtengenezaji huletewa orodha ndefu ya kuweka alama: hiki nakitaka, hiki sikitaki. Kifungu kimoja cha orodha hiyo ni zana za kuingia na za nywila, na humo utakuta `getty`, `login`, `passwd`, `su`, `adduser` na nyingine kadhaa. Kila alama inaongeza uzito kidogo. Usalama wa kamera za shemeji uliamuliwa hapo, mezani kwa mtu asiyemjua, pengine saa kumi jioni siku ya kukabidhi kazi.

Zana hizo hufanya kazi kwa kupokezana. `getty` ni bawabu. Anakaa kwenye mstari, anaandika neno `login:`, anapokea jina lako, kisha anakukabidhi kwa `login`. Huyu wa pili ndiye anayeuliza nywila, anaisaga na kulinganisha. Unga ukifanana anakufungulia sheli. Si sheli ya mafuta. Ni mahali pa kuandikia amri. Usipofanana anakusubirisha sekunde chache ndipo ujaribu tena, na ukikaa dakika nzima bila kujibu anakutoa. Huko kusubirisha kunakera mwenye nyumba aliyekosea herufi moja, lakini anayebahatisha maneno elfu kumi kunamkera zaidi.

`passwd` na `su` zina kero yake. Zinahitaji kusoma faili ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi hata kulichungulia, kwa hiyo hupewa kibali cha kutenda kwa mamlaka ya mwenye nyumba hata zikiitwa na mpangaji. Lakini BusyBox ni mtu mmoja. Ukimpa kibali fundi, imamu naye anacho. Waandishi wake waliliona hilo, wakaifundisha ijivue kibali kwa kazi zisizokihitaji. Mtengenezaji akisahau kuiwekea kibali tangu mwanzo, ndipo unasikia lile lalamiko la kila siku: "passwd inanikatalia mpaka niingie kama root." Root ndiye huyo mwenye nyumba.

Mistari miwili ya kusoma kwa utulivu

Kumbukumbu zote zimo kwenye mafaili mawili. La kwanza ni `/etc/passwd`, ambalo licha ya jina lake siku hizi halina nywila. La pili ni `/etc/shadow`, na huo unga umo humo. Mstari mmoja kutoka kila faili unafanana hivi:

    root:x:0:0:root:/root:/bin/ash
    root:$6$hapachumvi$hapaunga:19800:0:99999:7:::

Katika mstari wa kwanza, `x` maana yake ni "tazama faili la pili". Sifuri inayofuata ndiyo yenye nguvu kuliko jina. Linux haijali kama unaitwa root, admin au Mwajuma. Namba yako ikiwa 0, nyumba ni yako. Kwa hiyo kubadilisha jina la root kuwa jina jingine hakumpunguzii mtu madaraka, na mstari mwingine wenye 0 mahali hapo, ambao hukuuweka wewe, ni ufunguo wa akiba wa mtu mwingine.

Kwenye mstari wa pili, tazama kati ya nukta mbili za kwanza na za pili. Pakiwa na nyota au alama ya mshangao, akaunti hiyo haiingiliki kwa nywila yoyote, maana mlango umezibwa kwa tofali. Pakiwa patupu kabisa, mlango uko wazi na hutaulizwa nywila yoyote. Nimekuta watu walioacha patupu wakidhani ndiyo kufunga. Herufi zinatofautiana kwa moja tu, na matokeo yanapingana.

Alama za dola nazo zinasema kitu. `$6$` ni usagaji wa SHA-512, `$5$` ni SHA-256, `$1$` ni MD5 ya zamani. Ukikuta herufi 13 bila dola yoyote, hiyo ni DES, usagaji wa kale zaidi, na hapa nina kisa changu mwenyewe.

Niliwahi kutengeneza kifaa cha kupima maji kwenye tanki la ghorofa. Nilipofika kukifunga nikabadilisha nywila palepale kwa amri ya `passwd`, nikaweka KisimaChaBabu77. Ndefu, ina herufi kubwa, ina namba, nikaondoka nikijipongeza. Wiki haijaisha, msimamizi wa jengo akanipigia. "Mzee, mimi naandika KisimaChai na inanifungulia." Nikacheka, nikamwambia simu yake inajaza maneno yenyewe. Akaniambia njoo ujionee. Nikaenda. KisimaChai ikafungua. KisimaCheupe ikafungua.

DES husoma herufi nane za kwanza tu. Zilizobaki inazitupa bila kukuambia. Nywila yangu halisi ilikuwa KisimaCh. Nywila iliyokuja na mfumo kutoka mezani ilikuwa imesagwa kwa SHA-512, lakini kwenye orodha ya BusyBox kuna mstari wa kuchagua usagaji ambao `passwd` itautumia siku za mbele, na kwa miaka mingi mstari huo umekuja ukiwa umejazwa `des`. Mimi niliupita bila kuusoma. Kwa hiyo siku ile ya kuimarisha nywila ndiyo siku niliyoibadilisha kutoka unga imara kwenda unga hafifu, kwa mikono yangu mwenyewe.

Yule Ken Thompson wa chumvi naye aliishi ndani ya herufi nane. Unga wa nywila zake za zamani ulikuwa umebaki kwenye mafaili ya Unix yaliyohifadhiwa hadharani, na mwaka 2019 mtu mmoja aliuvunja kwa kadi ya michoro iliyofanya kazi zaidi ya siku nne. Nywila ilikuwa `p/q2-q4!`, hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji. Kwa zama zake ilikuwa nywila nzuri mno.

SHA-512 kwa kawaida husaga neno mara 5000 kabla ya kutoa unga, makusudi kabisa, ili anayebahatisha alipe muda. Kwenye kichakataji kidogo unaweza kuhisi kinasita kidogo baada ya kuingiza nywila. Nimesikia wahandisi wakiikataa kwa sababu hiyo. Sioni mantiki. Mtu anayeingia kwenye ruta mara mbili kwa mwezi anaokoa nini?

Unga mmoja kwa vifaa laki moja

Chumvi inafanya kazi pale tu kila kifaa kinapotiwa ya kwake. Kiwandani mambo huenda kinyume. Mfumo hujengwa mara moja, nywila ya root ikiwa ndani, kisha hunakiliwa kwenye vifaa vyote. Neno moja, chumvi moja, unga mmoja. Zana maarufu ya kujengea mifumo hii, Buildroot, hata inakuonya kwamba nywila ya root ukiiandika kwenye mipangilio itabaki pale ilivyo, wazi, kwa yeyote atakayelifungua faili la mipangilio.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliyavuna matunda ya uzembe huo. Haikuvunja heshi yoyote. Ilizunguka kwenye intaneti ikibisha mlango wa Telnet, na ilipojibiwa ikajaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, kama jozi sitini hivi: admin na admin, root na 123456, root na xc3511. Ilitosha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo kundi la kamera, ruta na virekodi vilivyotekwa lilitumika kuifurika kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kutafsiri majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani Desemba 2017 kwamba ndio walioitengeneza Mirai.

Jambo lililowauma wenye kamera ni hili. Baadhi yao walikuwa wamebadilisha nywila kwenye ukurasa wa mipangilio, yaani mlango wa pili. Nywila ya Telnet, mlango wa nne, ilikuwa imechomelewa ndani ya mfumo na ukurasa ule haukuigusa. Kampuni ya Hangzhou Xiongmai, ambayo vipuri vyake vilikuwa ndani ya kamera za chapa mbalimbali, ilitangaza kuzirudisha baadhi ya bidhaa zake zilizouzwa Marekani.

Sheria zilifuata baadaye. California, tangu Januari 2020, inadai kila kifaa kiwe na nywila yake pekee au kimlazimishe mwenye nacho aibadilishe kabla ya kuanza kukitumia. Uingereza ilipiga marufuku nywila moja ya jumla kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Kwenye ruta mpya sasa utaona kibandiko chenye nywila isiyofanana na ya jirani, na nadhani sheria hizo zina mkono wake hapo, hata kwa sisi tusioishi huko.

Umeme ukirudi

"Nilibadilisha nywila, umeme ukakatika, uliporudi nywila ya zamani ikarudi nayo." Wanaosema hivi huambiwa wamesahau. Mara nyingi hawajasahau.

Mfumo wa kifaa kidogo kwa kawaida hukaa kwenye sehemu isiyoandikika, kama kitabu kilichochapwa. Juu yake huwekwa karatasi ya nailoni, na chochote unachobadilisha huandikwa kwenye nailoni hiyo. Ukisoma unaona vyote viwili kwa pamoja, na maandishi ya juu ndiyo yanayoshinda. OpenWrt hufanya hivi kwenye ruta nyingi. `passwd` nayo ina adabu: huandika faili jipya pembeni, kisha hulibadilishia jina kuchukua nafasi ya lile la zamani, ili umeme ukikatika katikati usibaki na nusu faili. Lakini mtengenezaji akiwa ameiweka nailoni kwenye kumbukumbu ya muda, au hakuiweka kabisa, utaandika na utaingia kwa nywila mpya mchana kutwa, na umeme ukienda kila kitu kinafutika. Jaribio ni rahisi: badilisha, chomoa, chomeka, ingia.

Kitufe cha kuweka upya, kile kitundu cha kuchokoa kwa kijiti cha meno, kazi yake ni kuing'oa nailoni na kuacha kitabu. Basi haishangazi kwamba nywila ya kiwandani inarudi. Na dhana kwamba kitufe hicho "kinatibu virusi" ni nusu kweli. Mirai iliishi kwenye kumbukumbu ya muda, hata kuzima na kuwasha kuliiondoa, ila mlango uliobaki wazi uliikaribisha tena baada ya dakika chache.

Mlango wa tano nauhitimisha haraka. BusyBox isipopewa maelekezo mengine, kwenye zile pini za bodi huandika ujumbe wa kukuomba ubonyeze kitufe cha Enter, na ukibonyeza unaingia kama root. Bawabu hayupo, nywila haiulizwi. OpenWrt pia huacha hivyo mpaka wewe mwenyewe uamue kuwasha ulizo la nywila. Watu hushtuka nikiwaonyesha. Mimi sishtuki sana: ruta ya mezani kwako, mwenye bisibisi tayari yumo ndani ya nyumba yako. Kamera iliyo juu ya nguzo barabarani ni habari nyingine.

Kwa shemeji tulianza na ruta. Root ilikuwa haina nywila, tukaiwekea, tukaingia kwenye `/etc/shadow` kuhakikisha ile `$6$` ipo. Kamera tatu zilikubali nywila mpya na kuzima Telnet. Ya nne ilikubali nywila kwenye ukurasa wake, lakini Telnet ikaendelea kujibu na neno lake hatukulipata popote pa kulibadilisha. Tukaizuia ruta isiipitishe kwenda wala kutoka kwenye intaneti. Inarekodi hapohapo dukani, shemeji haioni akiwa safarini, na ananung'unika.

Nilipokuwa nakunja waya nikaona ruta yenyewe iko kwenye kaunta, kibandiko cha nywila ya kiwandani kikiwatazama wateja, na kitundu cha kuchokoa kiko upande uleule. Sasa iko juu ya kabati la rangi, na ngazi inafungiwa stoo.